Salongo, posho, na madeni ya Bwana Dunant

Mwaka wangu wa kwanza hapa Nakivale nilimwambia mzee mmoja mwenyeji wa Isingiro, mwanajeshi wa zamani anayejua Kiswahili, kwamba papa yangu alikulia ndani ya salongo. Mzee akanishika mkono kwa furaha, akasema, "Kumbe babu yako alizaa mapacha!" Mimi nikabaki kinywa wazi. Baadaye ndipo nilielezwa: kwa Waganda, Ssalongo ni jina la heshima la baba aliyezaa mapacha. Kwetu Congo salongo ni kitu kingine kabisa. Ni kazi ya mikono ambayo raia alipaswa kuifanya bila malipo kwa ajili ya taifa, wakati wa Mobutu.

Nimeanza na kicheko hicho kwa sababu nataka kufuatilia neno lingine lenye sura mbili. Neno hilo ni kujitolea. Nimelivaa shingoni miaka minne, kwenye kadi ya plastiki yenye picha yangu. Ninafanya kazi na vijana kwenye kituo kimoja cha vijana hapa kambini: michezo, mazungumzo ya jioni, kuwasindikiza waliobakwa au waliopigwa hadi kwa mhusika wa ulinzi, kuandika ripoti. Kadi inasema mimi ni mtu wa kujitolea.

Jioni moja ya mwezi wa pili, 2025, mama alikuwa anachambua lenga-lenga mbele ya mlango. Nilirudi nimechoka, viatu vimejaa vumbi. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mutoto wangu, wewe uko unafanya kazi ao uko unajitolea?"

Nikasema vyote viwili.

"Apana. Kazi inarudisha kitu ku nyumba. Ile ingine, sijui jina yake."

Nilikasirika usiku ule. Kisha nikaanza kulitafuta jina lake. Nimesoma nilivyoweza, kwenye simu na katika vitabu vichache vya kituo, na nimewauliza wazee wa kijiji chetu. Mimi si mwalimu wa historia. Nina Diplôme d'État ya 2018, section ya pedagojia, basi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza hesabu, maana mama anaheshimu hesabu kuliko maneno. Posho yangu ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni kwa siku tano za wiki, na mara nyingi Jumamosi pia, juu mashindano ya mpira hayachezwi Jumatatu. Asubuhi natembea kwa miguu, jioni giza likiingia napanda boda: 3,000 kwa siku, kwa mwezi ni 60,000. Vocha ya simu, kwa sababu vijana wenye shida hawapigi simu, wanabipu tu: 15,000. Inabaki 75,000. Ada ya mdogo wangu wa sekondari ni 180,000 kwa muhula wa miezi mitatu, yaani 60,000 kila mwezi ukiiweka pembeni. Inabaki 15,000 ya sabuni, chumvi na dawa. Na huo ni mwezi ambao posho imefika. Kuna wakati ilichelewa miezi mitatu mfululizo, tukaishi kwa daftari la mwenye duka.

Zamani kulikuwa na mgao. Aprili 2020 shirika la chakula, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30. Februari 2021 tukabaki na asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi matatu kufuatana na udhaifu wa nyumba, na kundi la tatu likaondolewa kabisa. Sisi tuliingizwa kundi la tatu, kwa sababu nyumbani kuna mtu mzima mwenye nguvu zake. Mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo kwenye karatasi moja nina uwezo wa kulisha watu watano, na kwenye karatasi nyingine mimi sifanyi kazi, ninajitolea. Sijui kama karatasi hizo mbili zimewahi kukutana katika ofisi yoyote.

Sasa historia.

Babu yangu, mzazi wa papa, alilima pamba katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya Uvira. Hakuichagua pamba. Mwaka 1917 serikali ya Congo ya Wabelgiji ilitoa amri iliyoruhusu kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao fulani hadi siku 60 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa elimu: eti mtu mweusi afundishwe kulima. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku 60 zikafanywa 120. Aliyekataa alionja jela au fimbo. Na fimbo hiyo, wazee wa kwetu wanaitaja mpaka leo kama vile ni jina la mtu waliyeishi naye.

Wenyeji wetu hapa Uganda nao walikuwa na yao. Waingereza walileta kasanvu, kazi ya kulazimishwa kwa ajili ya serikali, iliyokomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 baada ya manung'uniko mengi. Kulikuwa tena na luwalo, kazi ya kila mwaka kwa machifu na mabarabara. Mzee wangu yule wa mapacha aliponieleza luwalo, nilimwambia, "Mzee, hii ndiyo salongo niliyokuwa nasema." Safari hii alielewa.

Lakini nisidanganye kwamba kabla ya Mzungu hakukuwa na kazi ya bure. Ilikuwapo, na ilikuwa nzuri. Waganda wana bulungi bwansi, kazi ya uzuri wa nchi, majirani wakitengeneza njia na visima vyao. Kwetu Kivu watu walilima kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu, mwenye shamba anapika. Mpaka leo wamama wanacheza likelemba kwa namna hiyo hiyo, ila sasa ni pesa badala ya jembe. Ukiangalia vizuri, pale hakuna mtu anayepoteza. Jasho linaenda na kurudi. Mvivu anajulikana, na zamu yake ikifika, shamba lake linabaki na majani. Sidhani watu walikuwa na moyo mkubwa kuliko sisi. Walikuwa na hesabu inayofungwa.

Mobutu alichofanya ni kuchukua sura ya kitu hicho bila hesabu yake. Mwaka 1973 alitembelea China, akapenda alichokiona, na katika miaka hiyo salongo ikaanza. Papa alikuwa mtoto wa shule. Alikumbuka Jumamosi, coupe-coupe mkononi, kukata majani pembeni ya barabara, wimbo wa chama mdomoni, na mtu wa chama amesimama kivulini na orodha ya majina. Ilisemwa kwamba ni upendo wa nchi. "Upendo wenye orodha," papa alikuwa anasema, na anacheka peke yake. Zamu ya Mobutu kuja kulima kwetu haikufika.

Warwanda na Warundi wanaosoma hapa wataongeza umuganda na kazi zao za Jumamosi, na Wakenya harambee. Nawaachia waandike wenyewe, wanazijua kuliko mimi, na najua hawatakubaliana.

Papa alipokua akawa mwalimu. Hapo ndipo neno kujitolea liliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Zaïre ilikuwa haina tena nguvu ya kulipa walimu. Kulikuwa na mgomo mrefu 1992, na shule zikafunguka tena pale maaskofu wa Katolika walipokubaliana na wazazi kwamba wazazi wenyewe watawachangia walimu kitu kidogo. Kile kitu kidogo kikaitwa prime, kikaendelea miaka zaidi ya ishirini. Juu yake walikuwapo walimu wapya ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa, wakafundisha miaka wakingojea. Rais Tshisekedi alipotangaza shule ya msingi kuwa bure mwaka 2019, wazazi walishangilia, lakini walimu wa namna hiyo walipoteza prime bila kupata mshahara.

Papa hakuiona siku hiyo, alifariki 2017. Ila alikuwa mmoja wa walimu hao kwa miaka mingi. Alipenda kusema kwamba watoto hawawezi kungoja Kinshasa. Maneno hayo yalinijenga, sitaki kuyadharau. Kuna watu wazima leo huko Uvira, na wengine hapa Nakivale, wanaosoma na kuandika kwa sababu papa hakungoja.

Lakini nimekuwa mkubwa na sasa naona kitu ambacho zamani sikukiona. Saa kumi na moja za asubuhi, papa bado analala, mama alikuwa ameshafika kando ya ziwa kungojea mitumbwi. Alinunua ndagala kwa deni, akaanika, akauza sokoni, akarudisha deni, faida ndiyo ilinunua chaki. Ndiyo, chaki pia. Papa alijitolea kwa shule na mama akajitolea kwa papa, na mtaani salamu za "Mwalimu! Mwalimu!" zilikuwa za mmoja tu. Tangu nilipoelewa hilo, nikisoma habari za mtu yeyote aliyejitolea, natafuta kwanza nani alikuwa anauza ndagala.

Hivyo ndivyo nilivyomsoma Henri Dunant.

Wengi wetu tunajua Msalaba Mwekundu kwa tenti na gari. Mwanzo wake ni mfanyabiashara wa Geneva aliyekuwa na shida ya pesa. Dunant alikuwa na mradi wa mashamba na vinu vya kusaga ngano Algeria, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa, na mradi ulikwama kwa sababu hakupewa ardhi na maji aliyoyahitaji. Akaamua kumfuata mfalme wa Ufaransa mwenyewe, Napoleon III, ambaye alikuwa vitani kaskazini ya Italia. Alikuwa anakwenda kuomba kibali cha biashara, sawa na sisi tunavyokwenda kupanga mstari OPM. Akafika karibu na Solferino tarehe 24 Juni 1859, siku ya mapigano. Siku hiyo moja inakadiriwa watu karibu 40,000 waliuawa ama kujeruhiwa.

Majeruhi walimwagwa katika mji mdogo wa Castiglione, makanisani na barabarani. Madaktari wachache, maji hakuna. Dunant hakuwa daktari. Alikaa pale siku kadhaa, akapanga watu, akanunua vitu kwa pesa yake, akaandikia barua wanaokufa. Na waliofanya kazi kubwa, kubeba maji, kuosha vidonda, kushika vichwa, walikuwa wanawake wa mji ule. Hawakubagua Mfaransa na adui yake, wote waliwahesabu ndugu. Majina ya wanawake wale karibu yote hayajulikani. Nikifika hapo namkumbuka mama na mitumbwi.

Mwaka 1862 Dunant alichapisha kitabu kuhusu Solferino, nakala 1,600, kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 1863 watu watano wa Geneva wakakaa kama kamati, na Msalaba Mwekundu ukazaliwa. Sasa angalia biashara iko wapi. Dunant alikuwa anazunguka Ulaya kuonana na wafalme, na kule Algeria vinu havisagi. Mwaka 1867 alifilisika. Hakuanguka peke yake: marafiki na ndugu wengi walikuwa wameweka pesa zao kwake. Mwaka uliofuata mahakama ya Geneva ilimhukumu kwa udanganyifu katika mambo hayo ya pesa. Kamati aliyoianzisha ilimtoa. Aliondoka Geneva na hakurudi tena maisha yake yote.

Miaka mingi aliishi kwa kuhamahama, masikini kweli kweli, mwisho akafika kijiji cha Heiden huko huko Uswisi. Tangu 1892 mpaka kufa alikaa katika chumba kimoja cha hospitali ya kijiji. Dunia ilikuwa imemsahau. Mwandishi wa gazeti ndiye aliyemkuta na kumwandika mwaka 1895. Mwaka 1901 akapewa Nobel ya Amani, ya kwanza kabisa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Na pesa ya tuzo? Rafiki yake Mnorwei aliiweka benki huko Norwei ili wadai wa Geneva wasiichukue. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na wadai bado wanangoja mlangoni! Dunant hakuitumia. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1910 na kuacha sehemu ya pesa kwa kitanda cha bure hapo Heiden, kwa ajili ya wagonjwa masikini wa kijiji.

Watu wa semina wanapenda kutusimulia Solferino, na mimi mwenyewe nimewasimulia vijana mara nyingi. Lakini tulikuwa tunaishia 1863. Sikuwahi kusikia 1867 kwenye semina. Sisemi kwamba kujitolea ndiko kulikomfilisi, biashara ile ilikuwa mbaya tangu mwanzo, tena ilijengwa juu ya ardhi ya watu walionyang'anywa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeanzisha kazi hii yetu alishindwa kupanga mambo mawili, moyo wake na madeni yake, na waliolia ni watu wa karibu naye. Mwenzake Gustave Moynier, mwanasheria aliyekuwa na mali, aliweza kuwa rais wa kamati kuanzia 1864 mpaka alipofariki, 1910 hiyo hiyo. Kujitolea miaka arobaini na sita kunahitaji mtu ambaye ada za shule hazimgongi mlango.

Dunia ilijifunza kidogo baadaye. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliunda mpango wake wa watu wa kujitolea, UNV. Wale wanapewa pesa ya kuishi kila mwezi, na bima. Hawaiiti mshahara, lakini inalipa nyumba. Nimekutana nao hapa, wengi ni watu wazuri na wachapakazi. Mmoja alinieleza kwa uso mkunjufu kwamba sisi sote ni wajitoleaji, mimi na yeye, familia moja. Nilitaka kumuuliza familia moja wanakula sufuria ngapi, nikanyamaza. Nilikuwa bado nahitaji saini yake.

Katika kambi neno letu lilipata njia ya pembeni zaidi. Kakuma, iliyoanzishwa 1992, na Nyarugusu ya Tanzania, 1996, sheria za nchi zilimbana mkimbizi akae kambini, na kibali cha kazi kilikuwa kama kuokota dhahabu. Lakini mashirika yalihitaji wakalimani, walimu, wauguzi, walinzi. Kwa hiyo mkimbizi akafanya kazi, na kilichotoka kikaitwa motisha, insentivu, posho, jina lolote isipokuwa mshahara. Naelewa. Bila jina hilo pengine wasingepata hata kile kidogo.

Uganda ni tofauti. Nakivale ilitangazwa rasmi 1960 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, ni kati ya makazi ya zamani sana Afrika. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Wageni wanakuja kutoka mbali kuisifu sheria hiyo, na kweli inastahili sifa, nimezungumza na watu wa nchi nyingine najua. Sasa kama sheria inaniruhusu kuajiriwa, jina la posho lilikuja kufanya nini huku? Nilimuuliza mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu ninayemheshimu. Akajibu kwa ukweli: bajeti. Katika bajeti ya mfadhili kuna mstari wa wafanyakazi na kuna mstari wa jamii. Mkimbizi anaingia mstari wa jamii, pamoja na sabuni na mipira.

Halafu kuna vyeti. Diploma yangu iko kwa Kifaransa. Ili ikubalike hapa lazima itafsiriwe kwa Kiingereza, kisha ipelekwe UNEB ilinganishwe na mitihani ya Uganda. Kuna ada ya kutafsiri, ada ya kulinganisha, na safari ya Kampala. Mara mbili nimekusanya pesa hiyo. Mara ya kwanza mama aliugua. Mara ya pili ilikuwa muhula mpya, na mdogo wangu alikuwa ameshafukuzwa darasani siku tatu. Ninataka kusomea ustawi wa jamii Mbarara. Miaka minne nimewaambia vijana wapange malengo yao kwa hatua, nikachora ngazi ubaoni, na mwenyewe niko nimesimama kwenye ngazi ya kwanza na bahasha mkononi.

Sisi hatuko peke yetu, hata wenyeji wamo ndani. Uganda ilianzisha timu za afya za vijiji, VHT, mwaka 2001: watu wa kawaida wanaozunguka nyumba kwa nyumba kuuliza watoto wenye homa, chandarua, wajawazito. Wanajitolea. Wazo hilo lina nasaba ndefu, linapita mkutano wa Alma-Ata wa 1978, na kabla yake madaktari wa miguu mitupu wa China. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi wanayoifanya. Mwaka huo huo VHT wa kijiji chetu, mama wa watoto sita, alipewa koti la mvua. Ni koti zuri, bado analo. Na viongozi wetu wa RWC, wanaogongewa mlango usiku kwa kila ugomvi wa maji na kila mlevi, tunawachagua kwa kura na kuwalipa kwa malalamiko.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi wa pili wimbi likafika kwetu. Tuliitwa kwenye kikao chini ya mti, wajitoleaji 14. Mratibu wetu ni mtu mwema. Siku hiyo sauti yake ilikuwa chini, kwa sababu mkataba wake mwenyewe ulikuwa unaisha mwezi wa tatu. Akasema posho hakuna tena. Kituo hakitafungwa, jengo ni la jamii. Akauliza, nani ataendelea kwa moyo?

Mikono 11 ilipanda. Niliwatazama wenzangu. Mmoja ana mtoto mchanga. Mwingine analala kwa mjomba wake jikoni. Naapa nilitaka kulia kwa kuwapenda, na wakati huo huo nikasikia sauti ya papa: upendo wenye orodha. Maana mtu alikuwa anaandika majina. Sikusema kwamba ule ulikuwa salongo. Hakuna aliyetushika fimbo. Lakini mtu ambaye anatumaini kwamba siku moja kazi zitarudi, na kwamba watakaoitwa ni wale waliobaki kwenye orodha, huyo yuko huru kiasi gani? Swali hilo nawaulizeni ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, si kwa ubaya. Ninyi mnaijua hiyo orodha inavyotumika. Sisi tunaikisia tu.

Mimi nilinyoosha mkono nusu. Watu wakacheka. Nikasimama, nikasema nitakuja Jumatano na Jumamosi, siku mbili, si tano. Nikaomba nipewe barua inayosema miaka minne nilifanya nini, kwa tarehe na kwa majukumu: ripoti ngapi, semina zipi, kesi za namna gani, bila sentensi ile ya "alijitolea kwa moyo" peke yake, maana hakuna chuo kinachopokea moyo. Na nikaomba laptop ya zamani ya kituo, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, niitumie siku zangu nyingine.

Mratibu alinyamaza muda. Nilidhani nimemkosea. Kisha akasema barua hiyo angeweza kuiandikia kila mtu kabla ya mkataba wake kuisha, na kwamba hajui kwa nini hakuna aliyeiomba mapema. Aliziandika zote 14, za kurasa mbili mbili, akazipiga muhuri. Hiyo kazi aliifanya usiku, na sidhani nani alimlipa.

Laptop ile sasa iko kwenye kibanda karibu na soko, ninalipa zamu ya umeme wa sola kwa mwenye duka. Kwetu tungeita sekretaria. Naandikia watu barua za maombi, CV, malalamiko ya ardhi, barua za mapenzi pia mara mbili. Elfu moja kwa ukurasa, barua ya mgonjwa ni bure. Kuna wiki ninapata 30,000, kuna wiki napata 8,000 na jua kali. Kwa mwezi haijafika ile posho, lakini boda sipandi tena kila jioni. Jumatano na Jumamosi niko kituoni. Wasichana wa Jumatatu wamenilaumu, na wana haki: kikundi chao kilikufa. Wawili kati yao wanakuja kibandani kukaa tu, tunaongea nikiwa naandika. Bahasha ya UNEB ina 90,000 ndani yake.

Tarehe 5 Desemba ni siku ya kimataifa ya kujitolea, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Mwaka mmoja tulipewa fulana kubwa za buluu zenye maandishi ya Kiingereza mgongoni. Yangu ilinizidi, mama akaichukua. Anaivaa sokoni juu ya kitenge, jua likiwa kali. Wiki iliyopita nilipita nikamkuta mteja mmoja anamuuliza, "Mama, huku nyuma wameandika nini?"

Mama akajiangalia begani, kama mtu anayejaribu kuona mgongo wake mwenyewe.

"Ni ya mutoto wangu, uliza yeye," akasema. "Lenga-lenga ni mia tano."